Kwera wa Kilifi: Ndege Aliyeficha Kiota Miaka 100

Kuna ndege wa Kenya aliyeandikwa kwenye vitabu vya sayansi mwaka 1913, na kiota chake kikaja kupatikana mwaka 2013. Piga hesabu mwenyewe. Ndani ya hiyo miaka 100 binadamu walipanda Everest, wakatembea kwenye mwezi, wakatengeneza hiyo simu unayosomea hii stori, lakini hakuna mwanasayansi angekuambia kwa uhakika huyu ndege anataga mayai wapi. Na si ati anaishi Amazon. Anaishi Kilifi. Hapo nyuma ya Malindi, kaunti ambayo nusu ya Nairobi hushuka kila Desemba kupiga picha na dafu mkononi.

Kwa Kilatini anaitwa Ploceus golandi. Kwa Kiingereza amepewa jina la Clarke. Ni aina ya kwera, wale ndege wanaosuka viota kama vikapu na kuvining'iniza kwa miti wakipiga kelele kama stendi ya matatu. Dume ana kichwa na kifua cheusi, tumbo la njano, na mabawa meusi yenye mistari ya njano. Duniani kote anapatikana Kilifi tu, na yuko kwenye orodha ya ndege walio hatarini kuisha. Mimi nitamwita kwera wa Kilifi. Kuna wengine wanaomwita hivyo, na sababu yangu utaiona hapo chini.

Tuanze na hilo jina la kizungu. Mwaka 1913 Mwingereza Stephenson Clarke, mtu aliyependa sana kukusanya ndege, ndiye aliyemweleza huyu kwera kisayansi kwa mara ya kwanza. Akampa jina la Goland Vanholt Clarke, mwanajeshi wa Uingereza wa ukoo huo huo. Kwa hivyo ndege wa Kilifi ana jina la familia moja ya Uingereza mara mbili, kwa Kilatini na kwa Kiingereza. Manze, hata kwa harusi za watu wakubwa jina halitajwi hivyo.

Na usifikirie walimtazama kwa darubini wakaandika kwenye daftari. Enzi hizo kumjua ndege kulimaanisha kumpiga risasi. Unamuua, unamchuna, unamjaza pamba, unamfunga kikaratasi mguuni chenye tarehe na mahali, halafu anapanda meli. Bila mzoga hakuna jina. Sisemi walikuwa wakatili kuliko watu wengine. Ndivyo kazi ilivyofanywa, na makumbusho ya Ulaya na Marekani yana droo na droo za ndege wetu waliolala chali hadi leo. Lakini ukijua hivyo unaelewa kwa nini mtu angeweza kumpa ndege jina bila kujua anakula nini, analala wapi, au anazaa wapi. Ndege alikuwa kitu cha kwenye droo.

Sasa, 1913. Hiyo tarehe ilinishtua nilipoiona, maana kwa mtu yeyote aliyesoma historia ya shule ya upili Kenya, 1913 na Kilifi ni jina moja tu: Mekatilili wa Menza.

Sisi tulifundishwa Mekatilili kama pointi za mtihani. Sababu tano, matokeo tano, kengele inalia. Nilipoacha chuo nilianza kusoma tena vile vitu tulivyokimbizwa navyo, bila mtu wa kuniuliza pointi tano, na kumbe ile stori ina uzito ambao sikuwahi kuambiwa. Wagiriama wakati huo walikuwa wakulima wazuri. Walikuwa wamevuka mto Sabaki kwenda kaskazini, kwa ardhi yenye rutuba, wakawa wanalima mahindi na kuyauza. Serikali ya mkoloni ilitaka kitu kingine: kodi, na vijana wa kwenda kufanya kazi kwa mashamba ya wageni huko Pwani. Mtu mwenye ghala limejaa mahindi haendi kuwa kibarua wa mtu. Kwa hivyo mpango ukawa kuwatoa Wagiriama kaskazini ya Sabaki, warudi kwa ardhi kame, njaa iwasukume wenyewe.

Mwaka 1913 Mekatilili alizunguka akicheza kifudu, akikusanya watu. Huko Kaya Fungo watu wakala viapo vya kutoshirikiana na serikali, mukushekushe kwa wanawake na fisi kwa wanaume. Oktoba akakamatwa pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa Kisii, upande wa pili kabisa wa nchi. Januari 1914 wakatoroka wakarudi nyumbani kwa miguu. Kisii mpaka Kilifi, msee. Sisi tukikosa basi la usiku tunapiga simu nyumbani tukilia. Tarehe 4 Agosti 1914, siku ile ile Uingereza ilipotangaza vita na Ujerumani, maafisa walilipua Kaya Fungo kwa baruti. Mapigano yakafuata, nyumba zikachomwa, watu wakauawa. Masharti ya kumaliza vita yalikuwa faini ya rupia 100,000, vibarua 1,000, na kila mtu atoke kaskazini ya Sabaki.

Sijasema akina Clarke walihusika na hayo. Sina ushahidi wa kitu kama hicho na sitaki kuwabebesha. Lakini weka ramani mbili pamoja. Pale kaskazini ya Sabaki ndipo kuna msitu wa Dakatcha. Na Dakatcha ndipo, miaka 100 baadaye, kiota cha kwera kilipopatikana. Mwaka ule ndege alipoingia kwenye vitabu kwa jina la mgeni, watu waliokuwa wakiishi kwenye ardhi anayozalia walikuwa wanaambiwa watoke. Waliorudi baadaye walirudi kwa nguvu zao, maana njaa ilizidi na serikali ikashindwa kuwazuia.

Ruka sasa mpaka mwishoni mwa karne ya ishirini na watu wanaosafiri dunia nzima kuona ndege. Bunduki iliwekwa chini, darubini ikachukua nafasi, lakini ule moyo wa kukusanya ulibaki. Mtu anakuwa na orodha ya maisha yake yote, kila ndege mpya ni tiki. Kuna mama mmoja Mmarekani, Phoebe Snetsinger, aliyeambiwa na madaktari mwaka 1981 kwamba ana saratani na hatamaliza mwaka. Akaamua kama ni hivyo basi ataenda kuona ndege. Akaishi miaka 18 zaidi, akaona zaidi ya aina 8,000, nyingi kuliko mtu yeyote kabla yake. Alifariki Madagascar mwaka 1999, gari walilosafiria lilipopinduka, wakati yuko safarini kutafuta ndege. Watu wengine huona huo ni wazimu. Mimi naona ni bora kuliko kukaa unangoja.

Na kwa watu wa aina hiyo, Kilifi ni kama Makka ndogo. Msitu wa Arabuko-Sokoke, kama kilomita za mraba 420, ndio kipande kikubwa zaidi kilichobaki cha msitu mkavu wa pwani Afrika Mashariki. Zamani misitu ya aina hiyo ilitandaa kutoka kusini mwa Somalia mpaka kaskazini mwa Msumbiji. Ndani yake kuna bundi mdogo wa Sokoke, kitu cha kutoshea kwenye kiganja, aliyegunduliwa na sayansi mwaka 1965 na kupewa jina mwaka 1966 na Dillon Ripley, aliyekuwa mkuu wa taasisi ya Smithsonian ya Marekani. Jina? Otus ireneae, kwa heshima ya mama mmoja Mmarekani aliyeitwa Irene. Unaona mtindo.

Nilienda mwaka jana, peke yangu, na darubini ya kuazima. Basi la usiku mpaka Mombasa, matatu mpaka Gede, karibu na yale magofu ya mji wa Waswahili. Mabeshte waliniuliza kama ni msichana. Nikawaambia ni ndege, wakaniuliza anaitwa nani huyo msichana.

Msituni huingii kichwa kichwa, unachukua kiongozi. Wangu alikuwa mzee wa umri wa babu yangu, ameanza kazi hiyo kabla sijazaliwa, anatembea bila kukanyaga kijiti. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akajibu "Marahaba," akanitazama viatu, akatazama nyuma yangu.

"Wageni wako wapi?"

"Wageni gani?"

"Wazungu. Wewe si dereva wao?"

"Hapana mzee, nimekuja mwenyewe. Natafuta kwera."

Akacheka mpaka akashika mti. Sio kwa ubaya. Akasema, "Basi leo nimepata mjukuu. Twende."

Siku ya kwanza hatukuona kwera. Tuliona bundi, na nitakubali kwamba kama mzee hangemwelekeza kwa kidole ningetembea chini yake mara kumi nikidhani ni jani kavu. Analala mchana kwa matawi ya chini, rangi ya majani yaliyokufa, masikio yamesimama. Kwetu bundi akilia kwa paa mtu anaanza kuuliza nani atakufa. Pale kulikuwa na Waholanzi wawili, mtu na mkewe, wazee kabisa, wamekuja kutoka Ulaya kwa ajili ya huyo bundi na ndege wengine watano. Mama alipomwona alitoa machozi. Mumewe akatoa kijitabu, akaweka tiki, akatazama saa. Kwa hao wawili nilielewa hii michezo yote.

Siku ya pili, hakuna. Mzee akanieleza kwera ni mtembezi. Anakuja msituni Sokoke kwa makundi, anakula wadudu juu kwenye mirihi, halafu siku moja hayupo. Mirihi ni ile miti mirefu ya upande wenye mchanga mweupe, majani yake yanaacha mwanga upite, kiasi kwamba ndani yake huoni kama uko msituni, unaona kama uko kwenye bustani ya mtu tajiri. Akanionyesha pia visiki. Mbambakofi uliochukuliwa kwa milango. Muhuhu uliochukuliwa kwa vinyago vya kuuzia watalii. Visiki vingine vya zamani, vingine mbao yake ilikuwa bado ina rangi.

Siku ya tatu saa mbili kasoro asubuhi likapita kundi mseto, ndege wa aina sita au saba wakisafiri pamoja kama abiria wa matatu moja. Mzee akaninyooshea kidole bila kusema kitu. Juu kabisa, kwenye ncha ya tawi, akining'inia kichwa chini akichokora gome, mweusi na njano. Labda sekunde ishirini. Halafu mwingine, jike, wa kijani-njano. Halafu kundi likaondoka lote, na msitu ukanyamaza.

Sikulia kama yule mama. Nilijisikia nimesimama mbele ya mtu niliyesoma habari zake kwa muda mrefu na hana habari nami.

Nilimwuliza mzee kama alijua wanazaa wapi kabla ya 2013. Akasema wakiwa vijana waliambiwa na wataalamu kwamba kiota lazima kiko juu ya mirihi, kwa sababu huko ndiko anakokula. Kwa hivyo kila mtu alitazama juu. Miaka na miaka shingo zimevunjika.

Kiota kilikuwa chini. Na hilo ndilo linalonifurahisha zaidi kwenye stori yote. Kikundi cha wenyeji cha kuhifadhi msitu wa Dakatcha, wakishirikiana na watu wa Nature Kenya na A Rocha Kenya, walikuwa wamemfuatilia kwa miaka. Mwaka 2013 wakamkuta kwenye bwawa la msimu, lile dimbwi kubwa linalojaa mvua ikinyesha vizuri na kukauka baadaye. Viota vimesukwa kwenye ndago, yale majani marefu yanayoota majini, karibu na usawa wa maji. Kwa hivyo siri yote ilikuwa mvua. Mvua ikikosa, bwawa halijai, ndago hazisimami, na kwera hana pa kuzalia mwaka huo. Ukifika bwawa hilo mwezi wa kiangazi utaona uwanja wa nyasi kavu na mbuzi, na utapita.

Mmoja wa waliohusika na utafutaji huo ni Fleur Ng'weno, mama ambaye wakazi wengi wa Nairobi wenye darubini wamepitia mikononi mwake. Tangu mwaka 1971 amekuwa akiongoza matembezi ya kutazama ndege Jumatano asubuhi. Zaidi ya nusu karne ya Jumatano. Sijui kitu kingine Nairobi kilichoshika ratiba hivyo.

Sasa hapa ndipo roho inaniuma. Arabuko-Sokoke ni msitu wa serikali uliotangazwa rasmi tangu 1943, una askari, una sheria. Hata huo ulikaribia kwenda: mwanzoni mwa miaka ya 1990 majirani wengi walitaka ukatwe wagawiwe mashamba, na usiwalaumu haraka, maana msitu uliwapa nyani wa kula mahindi yao na ndovu wa kuvunja nyua, faida ikaenda kwingine. Mwaka 1993 ukaanza mradi wa Kipepeo pale Gede, watu wakafuga viwavi na kuuza pupa za vipepeo ng'ambo, na mazungumzo yakaanza kubadilika kwa sababu pesa iliingia nyumbani. Lakini Dakatcha, mahali kwera anapozaa, si msitu wa serikali. Ni ardhi ya jamii, na watu wengi hawana hati.

Kutoka Malindi nilipanda matatu hadi Marafa, kwenye yale makorongo mekundu ya Nyari, halafu bodaboda kaskazini. Kijana wa boda alikuwa rika langu. Njiani tukawa tunapishana na pikipiki zilizobeba magunia ya makaa, matatu manne kila moja, yamefungwa mpaka dereva haonekani. Nikamwuliza yanaenda wapi.

"Malindi. Mengine Mombasa," akasema. "Bro, hata mimi nimebeba. Mvua ikikataa utabeba nini?"

Sikuwa na jibu la kumpa, na sikujifanya ninalo. Mrihi ukichomwa unatoa makaa mazuri. Ukishakatwa, watu hulima nanasi pale.

Na kabla ya makaa kulikuwa na hatari kubwa zaidi. Karibu mwaka 2010 kampuni ya kigeni ilitaka hekta 50,000 za Dakatcha kupanda mbono, ule mmea wa mbegu za mafuta, ili mafuta yake yaende kuwa nishati Ulaya. Nishati safi, ati. Msitu ungefyekwa na familia kuhamishwa, ili gari la mtu Milano liitwe rafiki wa mazingira. Wanakijiji walipinga, mashirika yakapinga, na mamlaka ya mazingira ya Kenya ikakataa mradi. Kwa mara ya pili ndani ya miaka 100, watu wa kaskazini ya Sabaki walikuwa wanaambiwa ardhi yao ina kazi muhimu zaidi ya wao kuishi hapo. Safari hii waliambiwa kwa kipaji cha karatasi, bila baruti.

Siku hizi A Rocha Kenya wamenunua vipande vya ardhi Dakatcha ili vihifadhiwe. Naelewa kwa nini. Kwa ndege mwenye sehemu chache sana za kuzalia, kungoja sheria ni kungoja kifo. Bado swali langu liko pale pale: kama njia ya kuokoa kwera ni kununua ardhi, basi anayeamua hatima yake ni mwenye pesa, na mara nyingi pesa hiyo inatoka mbali. Kikundi cha wenyeji ndicho kilichopata kiota. Watu waliotazama chini wakati wataalamu wanatazama juu. Ningependa kuona hati za ardhi zikitolewa kwa hao kwanza, na watalii wa ndege wakilipa Dakatcha kama wanavyolipa Sokoke, mkononi mwa watu wa Dakatcha.

Na jina libadilike. Mwaka 2023 chama cha wataalamu wa ndege cha Marekani kilitangaza kwamba kitaondoa majina ya watu kwenye ndege wa huko. Wamarekani wenyewe wameona haya yanawezekana, kwa hivyo asiniambie mtu kwamba ni usumbufu. La Kilatini haliguswi kirahisi, sheria za sayansi zinalilinda, sawa. La Kiingereza na la Kiswahili yako mikononi mwetu. Nilimwuliza yule mzee Wagiriama wanamwitaje. Akasema kwera wote wana jina moja kwao, hakuna aliyemtenga huyu. "Labda nyinyi mtampa," akasema, na akaniomba nimtumie picha nikipata nzuri, kwa sababu miaka yote amewaonyesha watu huyo ndege na hajawahi kuwa na picha yake.

Yangu imetoka doa jeusi na doa la njano kwenye anga jeupe. Nimemtumia hivyo hivyo. Nikipata nauli ya kurudi mvua kubwa ikinyesha, nitaenda bwawani.

Kama uko Nairobi na hii imekuwasha kidogo, ile Jumatano asubuhi huanzia Makumbusho ya Taifa. Huhitaji darubini yako, huwa wanashiriki. Vaa viatu vilivyofungwa, na ukisikia mtu anasema "kwera", mwulize ni yupi.